Giza la saa kumi na nusu

Wiki iliyopita, usiku wa manane, binti mmoja aliniandikia. Amefika Minneapolis, huku Marekani, mwezi wa kumi na moja, hajui kuendesha gari, anasafisha vyumba vya hoteli zamu ya asubuhi. "Dada, huwa mnafanya nini jioni huku? Tamthilia za Kituruki nimezimaliza zote. Nalia tu, sijui nalilia nini."

Nilikuwa zamuni. Nikamjibu maneno mawili matatu, nikaweka na kopa nyekundu, nikarudi kumgeuza bibi wa chumba cha mwisho. Lakini ujumbe ule umeniganda kichwani, na najua wenzake mko wengi. Basi leo nina siku ya mapumziko, nje nyuzi 19 chini ya sifuri, chai ya tangawizi ipo, najibu kwa kituo.

Mdogo wangu, kwanza usijione umerogwa. Mwezi wa kumi na mbili jua la hapa linazama saa kumi na nusu jioni, wakati ambao Tanga mtu ndiyo kwanza anaamka kwenye usingizi wa mchana, anaulizia kahawa. Na asubuhi halitoki mpaka saa mbili kasorobo. Sisi saa zetu zenyewe zinahesabiwa tangu jua kutoka: saa moja, saa mbili, unajua uko wapi. Huku hesabu inavurugika, na mwili nao unavurugika. Nilipofika mimi, mwaka wa kwanza, nilikuwa nikiona giza napika chakula cha usiku, tunakula, nalaza mtoto, halafu natazama saa: bado saa moja ya jioni haijafika. Nifanye nini na usiku mrefu namna ile?

Nilichofanya naona haya kukisema, lakini nitasema. Nilijifunika blanketi na simu. Ule mchezo wa kupanga peremende za rangi, tatu tatu, zinapasuka. Unaanza bure. Ukishindwa mara kadhaa uhai unaisha, unaambiwa usubiri au ulipe. Nikalipa. Dola mbili, dola tano, saa nane za usiku, mtoto amelala pembeni yangu, mimi nina hatua ya mia nne na kitu na sitaki kuiacha. Mwezi wa tatu nikakaa chini na taarifa ya benki nikajumlisha: dola 187. Kwa bei za nyumbani ile ni zaidi ya mifuko ishirini ya saruji. Ishirini! Nimeimwaga kwenye peremende zisizolambika.

Na sikupumzika hata dakika moja. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie. Mchezo ule hauna mwisho, wenyewe wameutengeneza usiwe nao, ukimaliza hatua inakuja nyingine. Mtu anapumzika pale kitu kinapoisha. Sahani ya mwisho ikioshwa, nguo ya mwisho ikikunjwa, hapo moyo unatua. Simu haikunjwi.

Kilichonitoa humo ni baridi yenyewe. Tarehe 30 Januari 2019, wanaokumbuka wanakumbuka, Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri na posta ikasimamisha kupeleka barua. Tulifungiwa ndani na mwanangu, wakati huo ana miaka mitano. Simu ikaishiwa chaji na waya wake ulikuwa umekufa, dukani hakuendeki. Mtoto akatoa boksi chini ya kitanda, tulilolinunua dola mbili kwenye duka la mitumba tukiwa tunatafuta mabuti ya theluji, nikalisahau. Picha ya vipande, wao watoto wanaita pazo. Vipande 1000. Bahari, mbingu, na mashua zenye matanga. Si jahazi la kwetu, lakini ukikodoa macho linafanana.

Tulimwaga vyote juu ya meza ya kulia. Mnaojua mnajua, msiojua sikilizeni. Kwanza unavigeuza vyote uso juu, kazi ya kuchosha, inachukua karibu saa nzima. Halafu unatafuta vya pembeni, vyenye ubavu mmoja ulionyooka, unajenga fremu. Halafu unagawa kwa rangi, mimi natumia sahani. Matanga yalikwisha siku mbili. Kilichotutoa jasho ni mbingu. Buluu tupu, vipande mia tatu na ushee, hakuna wingu la kukusaidia. Hapo rangi haina maana tena, unasoma umbo: hiki kina vichwa viwili na mashimo mawili, hiki vichwa vitatu, hiki kimebetuka kiuno. Unakijaribu, hakiingii. Unakizungusha. Unakiacha, unachukua kingine. Halafu kimoja kinaingia kwa mlio mdogo sana, tik, na vidole vinajua kabla ya macho. Wallahi mlio ule nilikuwa nauota.

Wiki tatu. Simu nilikuwa naiacha jikoni juu ya friji. (Hiyo ni nasaha ya kwanza, iandikeni: simu iwekeni chumba kingine.)

Sasa hapa katikati kuna jambo lililoniumiza, na sitalipita kimya. Shoga yangu mmoja, tumekua naye Ngamiani, akaja kunitembelea. Akaiona meza. Akacheka, akaomba apige picha, nikadhani kapenda. Usiku nafungua kundi la WhatsApp la watu wa Tanga tulioko Marekani, nakuta picha ya meza yangu, na chini yake kaandika: "Wenzetu wanajenga nyumba, yeye anajenga picha." Watu arobaini na kitu wamecheka. Wengine nimewapikia pilau.

Sikujibu. Nilirudi mezani nikapanga mbingu mpaka saa saba za usiku. Najua na hapa unasoma, shoga. Nyumba yangu Pongwe imefika lenta. Na picha nimemaliza 31, zote nimeziandika kwenye daftari na tarehe zake.

Tena mtu akikwambia huo ni mchezo wa watoto, mwambie ndiyo, ulianza kuwafundisha watoto, na si utoto. Mchora ramani wa London, John Spilsbury, miaka ya 1760, alibandika ramani juu ya ubao akaikata kwa mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia kwa kuziunganisha. Na yale mafumbo ya maneno ya gazetini, chemsha bongo, lile linalohesabiwa la kwanza lilitoka New York tarehe 21 Desemba 1913, ndani ya baridi hiyohiyo. Arthur Wynne ndiye aliyelitunga. Watu wa nchi za baridi waligundua zamani kwamba usiku mrefu unahitaji kitu cha kuutafuna.

Ng'ambo ya mto, Saint Paul, wao wameufanya ni sherehe kabisa. Wana tamasha la baridi tangu mwaka 1886, na tangu 1952 gazeti la mjini linaendesha msako wa hazina: medali inafichwa kwenye bustani ya umma, kila siku wanatoa dokezo moja la mashairi, hadi madokezo 12, na atakayeipata anaweza kuvuna dola 10,000. Mwaka mmoja tulisoma madokezo yote kwenye kochi, tukajiona tumefumbua, tukaenda kuchimba theluji na koleo la jikoni. Tuliokota glavu moja ya mkono wa kushoto. Lakini zile jioni za kusoma madokezo, mimi na mwanangu tunabishana neno kwa neno, nisingeziuza.

Na ndipo nikakumbuka kwamba kumbe mimi kwetu nina haya mambo tele, nimeyaacha nakwenda kuyanunua dola mbili. Kitendawili! Tega! Nikamwanzia na vile rahisi: nyumba yangu haina mlango. Akahangaika hadi friji akaifungua, yai likamwangalia. Kuku wangu ametagia miibani, hajapata, nikamwambia sasa nipe mji. Akauliza mji gani. Wowote. Akanipa Saint Paul, mkarimu huyo, nikaenda nikala nikanywa nikarudi na jibu la nanasi. Sasa anatega mwenyewe. Juzi kaniambia: "Gari la mama limeota mvi usiku mmoja." Sikuhitaji kupewa mji. Nilikuwa nimetoka kuikwangua barafu kwenye kioo dakika ishirini.

Bao nalo lina hadithi yake. Baba yangu ni mchezaji, kijiwe chao kipo chini ya mwarobaini, na mimi mtoto wa kike nilikuwa napeleka kahawa tu, nachungulia. Kununua bao la mbao huku sikuweza. Nikachukua maboksi matatu ya mayai, ya dazeni dazeni. Mawili ukiyapanga sambamba unapata safu nne za mashimo sita. La tatu unakata vipande viwili vya mashimo manne manne, unaviunga ubavuni, zimekuwa safu nne za mashimo manane. Thelathini na mbili, kamili. Kete 64 nikahesabu maharage mekundu. Baba akanifundisha kwa sauti za WhatsApp: sita kwenye nyumba, mbili, mbili, ishirini na mbili shika mkononi, namua, ndiyo awamu ya kwanza ya mchezo. Jumamosi saa tatu asubuhi kwangu ni saa kumi na mbili jioni kwake, ametoka msikitini au anajiandaa kwenda, tunacheza kwa kusemeshana. Yeye na ubao wake Tanga, mimi na maboksi yangu ya mayai. Mara tatu ameniambia nimeiba kete. Mara moja ilikuwa kweli ila si mimi, mtoto alikuwa ameyachukua maharage kwa mradi wa shule wa kuotesha mbegu. Mengine baadaye tuliyapika, mwezi ulikuwa umekaza.

Sasa ndugu zangu, niseme ukweli kwa sababu hakuna atakayewaambia. Nyinyi mnaonisoma hapa ni kama mimi. Mna kiwanja kinangoja, mna ada ya mdogo wenu, mna kozi ya uuguzi mnayotaka kumaliza, mnachukua zamu mbili mbili na ovataimu juu. Halafu mkirudi nyumbani mnajitupa kitandani na kuperuzi mpaka macho yanawasha, mnaita kupumzika. Mnaangalia harusi za watu msiowajua. Mnaangalia magari ya wenzenu. Mnaamka mmechoka kuliko mlivyolala, halafu mnasema baridi ya Marekani mbaya. Baridi haina kosa! Baridi imekupa saa tano za jioni bila jua, bila mgeni, bila mtu wa kukugongea. Nani kwetu alikuwa na saa tano zake peke yake? Mama yangu hakuwa nazo hata siku moja maishani mwake. Na wewe unaziuza kwa peremende.

Iache simu chumba kingine. Nimeshasema, narudia. Chagua kitu kinachoisha: sudoku ya karatasi, picha ya vipande 300 kwa kuanzia (usianze na 1000 kama mimi, utakata tamaa), karata na wenzako, hata kufuma kofia. Maktaba nyingi huku wakati wa baridi zina meza yenye picha iliyokwisha kuanzwa, mtu yeyote anakaa anaweka vipande viwili anaondoka. Bure, pana joto, na hakuna anayekuuliza Kiingereza chako. Pale mezani nilipata rafiki yangu wa kwanza Mmarekani, mama wa miaka sabini na kitu, tulikaa Jumamosi nne hatujaulizana majina. Na simu iache mfukoni.

Ila na wewe unayelia bila kujua unalilia nini, nisikufiche, mimi nilikwenda kliniki pia. Daktari akaniuliza maswali, akaniambia giza hili huangusha watu wengi, hata waliozaliwa humuhumu, akanielekeza kwenye taa maalumu ya kukaa mbele yake asubuhi. Picha za vipande peke yake zisingenitosha mwaka ule. Nenda.

Ile picha ya kwanza nimeigundisha na kuitundika sebuleni. Ina shimo. Kipande kimoja hakikupatikana, katikati ya tanga la mashua kubwa, tumeinua kochi, tumepasua mfuko wa mashine ya kufagilia, wapi. Mwanangu alivihesabu vyote siku moja, akapata 1,025. Boksi linasema 1000. Kumbe baadhi ya maboksi hayo huwa na 38 kwa 27, yaani 1,026, kwa hiyo tuna ziada ya ishirini na tano na bado tumepungukiwa na kimoja. Ukuta wangu wa njano unachungulia pale. Shoga yangu alipokuja mara ya pili, maana alikuja, na nilimkaribisha, jambo la kwanza aliloliona ni hilo shimo. Tangu ile siku kanyamaza kundini lakini nasikia amenunua ya vipande 500.

Binti, anwani nimekutumia. Njoo Jumamosi, ila uje kabla ya saa tatu, baba hapendi kungojeshwa. Vaa soksi nzito, sakafu yangu ni baridi, na ukipita dukani tuletee nusu kilo ya maharage mekundu. Tumebakiwa na kete 51.