Jibu likifika, litamkuta nani?

Wewe unayeanza kutengeneza programu za simu hapa Nairobi, usiijaribu kazi yako kwenye Wi-Fi ya ofisini pekee. Panda nayo matatu ya Rongai jioni, mtandao ukija na kupotea, ndipo utaijua.

Kwenye Android, kuchora skrini na kupokea mguso wa kidole ni kazi ya uzi mmoja (thread, yaani mfululizo mmoja wa kazi), uzi mkuu. Ukiuchelewesha kwa kusubiri seva, skrini inaganda. Mguso ukikaa sekunde 5 bila kushughulikiwa, mfumo humwuliza mtu kama aifunge programu. Kwa hiyo ombi hupelekwa kwenye uzi mwingine, nawe unaacha kolbeki, yaani fanksheni itakayoitwa jibu likifika.

Shida kubwa ni hali ya mambo jibu linapofika. Chukua programu ya chama. Mwanachama yuko stejini, amebofya "Michango yangu", kisha simu ikalala upande. Skrini ikigeuka, kwa kawaida Android huibomoa Activity ile, yaani kitu kinachobeba skrini hiyo, na kujenga mpya. Jibu linakuja, kolbeki bado imeshikilia ile ya zamani, na salio linaandikwa mahali ambapo hakuna anayetazama. Pengine programu inaanguka kabisa. Isitoshe, Activity iliyobomolewa inaendelea kula memori hadi kolbeki iiachilie, na kwa simu ya RAM ya GB 2 hilo si dogo. Data iweke kwenye ViewModel, hifadhi ya data ya skrini ambayo hubaki skrini ikigeuka. Ombi lisilohitajika tena lighairi. Ukitumia Retrofit, maktaba ya kutuma maombi kwa seva, kughairi nako huita onFailure, kolbeki ya kushindwa, basi angalia isCanceled kabla ya kumwambia mtu mtandao umekatika.

Na onResponse, kolbeki ya jibu kufika, isikupumbaze: seva ikirudisha namba ya kosa kama 404 au 500 bado utaingia humo. Anza na isSuccessful, inayokuambia kama ombi limefaulu.

Korutini za Kotlin, njia ya kusubiri jibu bila kuandika kolbeki, zimerahisisha mengi, lakini msimbo wa zamani utakaoukuta kazini umejaa kolbeki. Zielewe vizuri.

Ukifika kwenye malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom, ongeza umakini. Ombi la STK, lile linalomletea mteja kisanduku cha kuweka PIN, likikubaliwa, mteja bado hajalipa. Matokeo huletwa baadaye kwenye anwani ya seva yako, na ResultCode ikiwa 0 ndipo utoe risiti. Ikiwa 1032, mteja ameghairi. Mwonyeshe ujumbe unaoeleweka na kitufe cha kujaribu tena.