Wadogo Zangu Mnaoeleza Klasta kwa Wasio wa Fani

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya ukumbi nikimsikiliza kijana wetu mmoja akiwahakikishia maofisa wa mipango kwamba nodi, yaani kompyuta moja moja zilizounganishwa kuwa klasta, zikiongezwa mara mbili, kazi itakwisha kwa nusu ya muda. Nikainamisha kichwa, kwa kuwa sentensi hiyo niliwahi kuitamka mimi, na iligharimu fedha.

1. Msitaje kasi bila kutaja aina ya hesabu. Frontier, kompyuta kuu ya maabara ya Oak Ridge huko Marekani, ilipopita eksaflopi moja mwaka 2022, yaani hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde, zilikuwa hesabu za biti 64, yaani kila namba imeandikwa kwa tarakimu 64 za 0 na 1. Matangazo ya akili mnemba mara nyingi huhesabu kwa biti 16 au 8, namba fupi zenye usahihi mdogo zaidi.

2. Nodi si vibarua wa kupalilia. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mkuu wa idara, mzee asiye mtu wa kompyuta, maelezo ya kurasa mbili. Kazi yetu ya kukadiria mvua, ambayo kwa nodi moja ilichukua dakika 100, ilichukua takriban 16 kwa nodi 16. Nikaandika bila kusita kwamba nodi 32 zingeimaliza kwa dakika 8, nikachora na vibarua waliogawana shamba. Mchoro ulipendeza hata mimi mwenyewe nikauamini. Nodi zikanunuliwa, tukaingiza kazi kwenye foleni mbele ya wageni, ikatoka kwa dakika 13. Mzee akaniuliza kwa upole dakika tano zilizobaki zimepotelea wapi, nami nikalaumu mtandao, kisha diski, kisha joto la chumba. Joto la chumba, jamani! Usiku nilipoipima programu nikakuta dakika 10 zinaishia katika kusoma faili moja, kazi ya prosesa moja huku nyingine zote zikingoja. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alikwisha kulieleza jambo hilo mwaka 1967: sehemu moja ya kumi isipogawanyika, kasi haitavuka mara 10 ya ile ya nodi moja, hata ulete nodi elfu. Asubuhi nikaenda kuungama. Mzee akasikiliza, akasema, "Kumbe ni pilau. Wa kumenya vitunguu wawe hamsini, sufuria ikishafunikwa wote mnakaa." Tangu siku hiyo shamba silichori tena.

3. Wapeni maandishi yenu wasio wa fani wayasome kabla ya kuyatuma.

4. Msiseme modeli ya lugha, ile programu ya akili mnemba inayoandika maneno, "inajua". Semeni inakadiria tokeni inayofuata, yaani neno au kipande cha neno, kisha onyesheni tokeni yenyewe. Niliwahi kuandika ubaoni neno "hawakutuambia", na binti mmoja akauliza kama vipande vyake ni vile viambishi vya darasani. Tukalipitisha kwenye programu: lilikatwa ovyo, vipande havikufuata kiambishi wala mzizi, ilhali maneno mengi ya Kiingereza yalibaki mazima. Akavihesabu kwa kidole, akaniuliza kama malipo ya kuitumia modeli nayo huhesabiwa kwa tokeni. Nikamwambia ndiyo. "Basi," akasema, "sisi tunatozwa kwa sarufi yetu."