Kugeuza kanisa la Kigothi kuwa ukumbi bila kutoboa kuta

Ndugu, umeuliza kama jengo la Kigothi, yaani la mtindo wa Ulaya ya kale wenye matao yaliyochongoka, linaweza kubeba rafu na maonyesho bila mawe kuumia. Linaweza. Tazama kanisa la Wadominikani, watawa Wakatoliki, pale Maastricht, Uholanzi: liliwekwa wakfu 1294, ibada zikakoma baada ya Wafaransa kuuteka mji 1794, baadaye likawa ghala, hata maegesho ya baiskeli. Tangu 2006 ni duka la vitabu.

Siri ni chuma. Wasanifu Merkx+Girod walisimamisha rafu nyeusi ya ghorofa, yenye ngazi, upande mmoja tu. Inajitegemea; ukiifungua kesho, nguzo zinabaki zilivyokuwa. Upande wa pili uliachwa wazi ili macho yapae hadi kwenye kuba. Vyoo na stoo vilichimbiwa chini ya sakafu.

Wengi hukwama kwenye joto na sauti. Ukiwasha hita kali saa moja kabla ya tamasha, hewa ya moto hukimbilia juu, watu wanabaki na baridi miguuni, na michoro ya ukutani hubanduka kwa sababu unyevu hubadilika ghafla. Pasha polepole. Spika moja kubwa mbele? Usithubutu, maneno yatagongana. Panga ndogondogo karibu na wasikilizaji, sauti ya kila moja uicheleweshe takriban milisekunde 3 (elfu tatu za sekunde) kwa kila mita kutoka jukwaani, ili ifike pamoja na ile ya jukwaani.

Ikibidi kutoboa, toboa chokaa ya kiungo, ile iliyojazwa kati ya mawe, si jiwe. Kuziba, tumia chokaa hiyohiyo. Saruji hufungia maji ndani mpaka jiwe linameguka.