Tela la kubebea gari la mbio

SWALI: Naishi Houston, Texas. Mustang GT yangu naikimbiza kwenye uwanja wa Circuit of the Americas, Austin. Nimepata tela la bodi (lililofungwa pande zote) la futi 20, ekseli mbili, uzito wa juu kilo 3,175. Bei nzuri. Ninunue?

JIBU: Liache. Hizo kilo 3,175 ni pamoja na tela lenyewe, jambo ambalo wauzaji hulipitia harakaharaka. Tela tupu likiwa na kilo 1,400, unabakiwa na 1,775. Mustang pekee inakula kama 1,700. Matairi ya akiba, jeki, madumu ya petroli na sanduku la spana utaviweka wapi?

Tafuta la futi 24, ekseli za kilo 2,360 kila moja, breki magurudumu yote manne. Urefu hapa si anasa: unakupa nafasi ya kusogeza gari mbele au nyuma mpaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo ilalie ndoano ya pikapu. Ikipungua, tela linayumba barabara kuu. Ikizidi, pikapu inakaa kitako na usukani unakuwa mwepesi.

Dai pia mlango wa ubavuni upande wa dereva, la sivyo ukishaingiza gari utatokea dirishani. Bampa ikigusa rampu, tanguliza mbao chini ya magurudumu.

Likiwa la mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya utambulisho iliyochapwa ubavuni) kwenye tairi: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) zinaweza kuwa nzima huku mpira umeshachoka.