Fundi wa kukausha wanyama anapewa bakshishi? Na bei mbona kubwa hivyo

Mkuu uliyeuliza kama fundi aliyekukaushia kichwa cha kulungu cha kutundika ukutani anapewa bakshishi juu ya bei, na kama kuna asilimia maalum, jibu fupi ni hapana, sio lazima, na mafundi wengi wala hawaitegemei. Ila umegusia na lile la pili, kwamba bei yenyewe umeiona imezidi kwa "kichwa kimoja tu", na hapo ndo nataka nikae kidogo. Mi nilishinda sana karakana ya hii kazi kama msaidizi kabla sijaanza kupeleka vya kwangu kama mteja, kwahiyo pande zote mbili nazijua.

Bakshishi kwanza tuimalize. Mhudumu wa mezani unampa cha juu kwa sababu mshahara wake anaupanga mtu mwingine, lakini fundi mwenye karakana yake anajipangia bei mwenyewe. Akiona ngozi yako itamsumbua anaandika zaidi, basi. Ukimlipa alichoandika bila kuvutana na kwa wakati, mmemalizana na hakuna wa kukusema. Tofauti ni pale karakana ikiwa kubwa ina vijana ndani, manake anayepokea hela hapo mbele sio aliyekaa na sindano kwenye kichwa chako. Hapo ukiwa na hela ya soda uliza nani kafanya kazi yangu, mpe mkononi, siku ya kuchukua. Sio siku ya kuleta!! Ukitoa mwanzoni inaonekana unanunua foleni, na hizi foleni ni za miezi, sehemu nyingine mwaka unapita, kuna watu wametangulia na wao wametulia wanasubiri.

Sasa bei. Watu wengi bado wanadhani mnyama anachunwa, anajazwa pamba, anashonwa, kwisha. Huko tulishatoka zamani. Kwenye kichwa cha ukutani kitu cha mnyama mwenyewe kinachobaki ni ngozi na pembe na kipande cha fuvu kinachoshika pembe, vilivyobaki vyote vinanunuliwa: kiunzi cha povu gumu kinachochaguliwa kwa vipimo vya mnyama wako, macho ya kioo, magamba ya plastiki ya kuingiza masikioni badala ya gegedu, gundi, udongo wa kufinyangia. Ngozi nayo lazima ikwanguliwe nyama yote, itiwe chumvi, iloweshwe kwenye tindikali, ipunguzwe unene, ndo iwekwe dawa ya kuifanya isioze, na mafundi wengi hiyo kazi wanaipeleka kwa wachakataji wa ngozi ambao nao wana foleni yao na bei yao. Yaani kabla sindano haijaguswa hela imeshaanza kutoka, ndo maana anataka kama nusu mbele, sio kwamba hakuamini.

Alafu inakuja kazi yenyewe, na kama unataka kujua hela yako imeenda wapi we angalia jicho tu. Mboni ya kulungu imelala, sio duara kama yetu, na inatakiwa ibaki sambamba na ardhi hata kama kichwa kimeinamishwa, kwahiyo fundi analiweka jicho la kioo kwenye udongo analizungusha, anarudi nyuma kuangalia, analizungusha tena. Akimaliza anavuta kope juu ya kioo, anaikandamiza kwenye udongo, anaingiza ile kona ya mbele karibu na kishimo cha machozi, anabana na pini ndogondogo. Unadhani imeisha? Ngozi ikikauka inasinyaa, inajivuta, kwahiyo siku za mwanzo kila siku anapita na kijiti anarudisha kope mahali pake. Masikio hivohivo, midomo hivohivo, pua ndo usiseme. Ikishakauka kabisa, na hapo ni wiki kadhaa, sehemu zisizo na manyoya zinakuwa zimepoteza rangi, anapaka upya tabaka nyembamba nyembamba mpaka ionekane kuna damu chini. Fundi wa bei rahisi anapiga vanishi puani inang'aa kama kiatu cha harusi, anakupigia simu uje uchukue.

Na ubaya wa kazi rahisi ni kwamba siku ya kwanza huwezi kuijua, vyote vinapendeza vikiwa vipya. Ngozi isiyopunguzwa unene au iliyovutwa kwa nguvu kwenye kiunzi kisicho saizi yake inakuja kuachia baadae, mshono wa shingo unafunguka, kope zinajikunja, ukibonyeza pale mbele ya jicho unasikia pako tupu ndani. Kurekebisha hapo mara nyingi ni kutafuta ngozi nyingine kabisa. Kwahiyo ukitafuta fundi usiombe picha za kazi ya wiki iliyopita, omba uone kazi ya miaka kadhaa nyuma, ikiwezekana kwenye nyumba ya mteja. Kazi nzuri inakaa bana, yule fundi wa kukausha wanyama Carl Akeley wa Marekani alifariki 1926, ukumbi wenye jina lake kwenye jumba la makumbusho New York ukafunguliwa 1936 na wanyama mle ndani watu wanawaangalia mpaka leo. Ye ni mmoja wa walioisukuma hii kazi itoke kwenye kujaza majani, iende kwenye kuchonga mwili wenye misuli.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema asiyetoa bakshishi hana shukrani. Hapana. Nikiwa karakana hatukuwahi kukaa tukasema fulani hakutoa cha juu. Tuliowasema ni wanaoleta ngozi imeshinda kwenye joto, bakteria wameshafanya yao, unaigusa manyoya yanabaki mkononi, alafu mtu anataka muujiza. Au kamkata mnyama koo wakati shingo ndo inayoonekana ukutani, au kakata ngozi fupi mno, wakati inatakiwa ikatwe nyuma kabisa ya mabega na ya ziada fundi atapunguza mwenyewe. Kama huwezi kufika kwake mapema kunja ngozi iingie friza, na kama unatia chumvi iwe laini, na nyama iwe imetoka kwanza, la sivyo chumvi haifiki kwenye ngozi. Pia akikuuliza kibali cha uwindaji usinune, akikutwa na mnyama asiye na karatasi anaumia yeye.

Wengine tuliowasema ni wa kupiga simu kila Jumatatu "vipi bado?", kisha kazi ikiisha simu haipokelewi. Karakana nyingi zina kona ya vichwa vilivyomalizika wenyewe hawajaja, na ile ni hela ya fundi imening'inia ukutani. Mteja anayelipa salio siku aliyoambiwa na akaleta na rafiki yake mwezi unaofuata, huyo kwa fundi kashapita bakshishi yoyote.

Kwahiyo we nenda, kishike hicho kichwa karibu na dirisha, angalia macho yote mawili yako usawa, pitisha vidole nyuma ya shingo usikie kama mshono umelala. Ukiridhika lipa, na kama kuna kijana aliyekishona mpe unachojisikia, hata kidogo atafurahi. Na kabla hujaondoka uliza namna ya kufuta vumbi, manake watu wanachukua kitambaa kibichi wanasugua mpaka rangi ya pua inatoka. Brashi laini kavu, kufuata manyoya yanavyolala, na usikitundike panapopigwa na jua.