Aliyeanzisha sindano ya ganzi ya mgongoni

Sindano ya ganzi ya mgongoni wanayochomwa kina mama kabla ya upasuaji wa uzazi imetoka kwa August Bier, daktari Mjerumani, Agosti 1898 huko Kiel. Alitia kokeini, dawa ya ganzi ya enzi hizo, kwenye maji ya uti wa mgongo, akampasua mgonjwa kifundo cha mguu bila maumivu. Daktari Corning wa New York alishajaribu kokeini mgongoni mwaka 1885, ila si kwa upasuaji, kwa hiyo anayemtaja kuwa mwanzilishi hajakosea sana. Ganzi ile nyingine, ya kufunga mkono na kupitisha dawa kwenye mshipa wa damu, nayo ni ya Bier, 1908.

Mimi natoa usingizi hapa Kigoma, na ninamshukuru mzee huyu kila wiki. Mama anapumua mwenyewe, anasikia mwanawe akilia, na umeme ukikatika uhai wake hautegemei mashine. Kokeini tuliachana nayo zamani, sasa ni bupivakeini, na sindano nyembamba zimepunguza sana yale maumivu makali ya kichwa baada ya kuchomwa, ambayo Bier mwenyewe aliyapata alipojijaribia.

Haimfai kila mtu lakini. Aliyevuja damu nyingi presha inaweza kuporomoka, huyo mara nyingi tunampa nusu kaputi.