Nani Atakayeipokea Kazi Hii?

SWALI: Mhariri, nimepigania haki za watu wenye ulemavu hapa Kisumu kwa zaidi ya miaka 30, nikiwa kwenye kiti cha magurudumu. Vijana wetu wamenyamaza. Kazi hii itabaki na nani?
Mama wa Kondele

JIBU: Mama, pokea heshima zetu. Kizazi chenu ndicho kilichopigania Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 na Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachotambua haki ya kufikia maeneo yote, usafiri wa umma na habari. Vijana wamezikuta haki hizo zimeandikwa, kwa hiyo vita vyao, kwa maoni yangu, viko stendini. Huko nilimwona makanga akimtoza mwanamke nauli ya pili kwa ajili ya kiti chake cha magurudumu kilichokunjwa, huku msichana kiziwi aliyekuwa kando akirekodi kila kitu kwa simu, kisha akampa yule mwanamke namba yake. Huyo hajanyamaza, ila hajui barua ya malalamiko huandikwaje wala hupelekwa wapi. Wewe unajua. Waalike vijana wawili watatu nyumbani, uwafungulie mafaili yako, na uwaache waulize hata yanayokuudhi.